Sauti ya Jumapili

Siku ya kumi na moja tangu mume wangu aondoke nyumbani, wifi yangu alikuja kumchukulia nguo zake, na mimi nikazipiga pasi kabla ya kumkabidhi. Ndivyo nilivyo. Hata kama ndoa inanifia mikononi, sitaki mtu aseme mume wangu ametoka kwangu na shati lenye makunyanzi.

Wifi ni dada yake mkubwa, mwalimu mkuu aliyestaafu, na mpaka leo akikaa kitini utadhani kuna wanafunzi wamepanga mstari mbele yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, kando ya cherehani, akasogeza kwa mguu vipande vya sare za shule nilivyokuwa nimekata asubuhi. Akaniambia mdogo wake analala ndani ya gari bovu hukohuko gereji anakofanyia kazi, amekonda, na kila akiulizwa kuna nini anajibu neno moja tu, muulizeni mwenyewe.

"Basi nimekuja kukuuliza," akasema. "Una mwanamume?"

"Hapana, dada."

"Yeye ana mwanamke?"

"Hapana."

"Sasa watu wazima na mvi zenu mnagombania nini?"

Nikakaza macho kwenye kola ya shati. Pasi ilikuwa ya moto, na uso wangu ulikuwa wa moto kuliko pasi. Ningemwambia nini mama wa watu? Nikasema tu kwamba nimemkosea mume wangu, kosa kubwa, na si la kusimulia.

"Unajua mimi sikutaka akuoe," akasema. "Nilisema mwanamke mwenye mdomo kama wako atamchosha mdogo wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona huna la kusema, na nimeogopa."

Akanyanyuka, akachukua mfuko wa nguo. Mlangoni akageuka kunipa taarifa, kwamba Jumamosi anamhamishia kwake. Chumba cha uani kimeshafagiliwa, kitanda kimewekwa. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Namjua mume wangu. Akishapigilia msumari wa kutundikia koti lake mahali, hapo ndipo kwake. Nilikuwa na siku mbili za kumrudisha, na dawa ilikuwa moja tu, nimweleze kwa mdomo wangu jambo ambalo bora ardhi ipasuke inimeze kuliko kulitamka.

Acha nilitamke hapa kwanza. Pengine ulimi utazoea.

Mume wangu wanamwita Sikio. Ni fundi magari, na gari likiwa na tatizo lisiloonekana, mafundi wengine wakishabadilisha kila kitu na kukata tamaa, linapelekwa kwake. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Ananyamaza hivyo kwa muda kidogo, halafu anakwambia ugonjwa uko wapi. Watu wanatoka mbali kumfuata. Na mimi, mkewe, nimelala kando ya sikio hilo miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo nimelidanganya.

Nilianza wiki ya kwanza ya ndoa. Tulikuwa wageni kwa kila kitu, yeye akiniomba samahani kila akinigusa, mimi nimejikaza kisabuni ili nisionekane mshamba. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Umefurahi?" Sikuwa nimefurahi, sikuwa hata nimejua kuna kitu cha kufurahia. Lakini angalia uso ule wa mtu aliyejitahidi mpaka jasho limemlowesha, halafu umwambie hapana. Nikasema ndiyo. Siku iliyofuata nikaogopa asije akaniuliza tena, kwa hiyo nikatoa mlio kidogo kabla hajauliza. Akatabasamu, akalala. Mlio ule ukawa kazi. Kila mara uleule, mahali palepale, kama mshono wa pindo ambao mkono unaupita wenyewe huku wewe unawaza mambo mengine. Mara ngapi nimeutoa huku nawaza vifungo vya sare za darasa la kwanza, Mungu ndiye anajua.

Nisieleweke vibaya. Nilimpenda, na nampenda mpaka inaniuma. Napenda anavyopiga mluzi akinawa mikono, napenda anavyonipunguzia moto wa chai bila kuombwa. Ila hilo moja lilikuwa uongo, na kila mwaka ulivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa gumu kulikanusha. Utaanzia wapi? Utamwambia mtu mwaka wa saba kwamba mwaka wa kwanza ulimdanganya?

Kilichonichokonoa ni maneno ya saluni. Msusi wangu ni shoga yangu wa siku nyingi, na siku hiyo kulikuwa na wanawake watatu vichwa viko chini ya mikono ya watu, wanasimulia mambo ya chumbani na kucheka mpaka wanashika mbavu. Na mimi nikacheka. Nikacheka sana, kuliko wote, kama mtu anayecheka kichekesho cha lugha asiyoijua. Walipoondoka msusi akaniangalia kwenye kioo, akaniuliza polepole, "Wewe hujawahi, sivyo?" Machozi ndiyo yalijibu. Akafungua droo yenye kufuli, akanitolea kidude.

Si vile vya kutetemeka ambavyo watu wanavifanyia mzaha. Hiki ni cha aina mpya, kama nusu ya sabuni ya kuogea kwa ukubwa, laini, rangi ya zambarau, na kina kijimdomo cha duara. Hakisugui wala hakisukumi. Kinavuta hewa na kuiachia, kinavuta na kuiachia. Msusi akaniambia kina ngazi kumi na nisivuke ya pili mpaka nikizoee. Nilikificha kwenye kopo la vifungo na kukichajia hapo chini ya meza ya kukatia, nikafunika na kitambaa, na mteja akiingia moyo unanipasuka.

Siku ya kwanza nilifunga mlango, nikashusha pazia, nikasoma karatasi ya maelekezo. Ilikuwa na lugha nne na sikuijua hata moja. Nikabonyeza kitufe, nikakibonyeza tena, kumbe nimekipandisha mpaka ngazi ya kumi. Kikanigusa kidogo tu, nikaruka, kikanitoka mkononi, kikaingia uvunguni kinaunguruma sakafuni. Hebu nione mimi, mama mzima, mshonaji wa sare za shule tatu, nimepiga magoti uchi nakitafuta uvunguni kwa mpini wa ufagio. Nilipokipata nikakaa kitandani, nikacheka, kisha nikalia, kisha nikavaa na kwenda kushona sketi tano mfululizo kana kwamba natubu.

Mara ya pili nilikikandamiza mpaka nikapata ganzi. Mara ya tatu nilibana pumzi hadi kichwa kikauma. Mimi ni mtu wa kukanyaga pedeli, na kitu kisichotaka nguvu kinanichanganya. Ilinichukua wiki tatu kujua kwamba hiki hakitaki kusukumwa. Unakiweka ngazi ya kwanza, unakiacha palepale, unalegea, unapumua, unangoja. Kungoja huko ndiko kulikuwa kugumu, kwa sababu nikingoja nilikuwa nasikia aibu inanisema kwa sauti ya mama yangu, ya wifi, ya kila mwanamke aliyewahi kunifunda kuwa mtu wa heshima.

Wiki ya nne nikafika. Sina neno jingine. Nilifika mahali nilipokuwa nasimuliwa, nina umri wa miaka arobaini na mbili, mchana, peke yangu, na jambo la kwanza nililohisi baada ya hapo lilikuwa hasira. La pili lilikuwa aibu. Niliona nimekula kitu kizuri nikiwa nimejificha, mume wangu yuko juani ananitafutia riziki.

Ndiyo maana Jumapili ile nikakitoa. Binti yetu yuko shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, tulikuwa tumemaliza kula na yeye amejilaza na fulana. Nikamwekea kiganjani bila kusema. Nilitegemea akasirike. Badala yake akakigeuzageuza kifundi, akakiwasha, akakiweka sikioni na kufumba macho.

"Hiki hakipigi," akasema. "Hiki kinapumua."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Akaniuliza kama ina maana yeye ameshindwa kazi. Nikamwambia hapana, ni cha kuongezea tu, yaani nikaweka uongo mwingine juu ya ule wa zamani. Naye akakubali kwa moyo mweupe, akasema nimwonyeshe.

Nilikuwa nimejipanga. Wakati ukifika nitoe mlio wangu wa siku zote, mambo yapite. Lakini ule mkono wake, na kile kidude, na yeye ananitazama kwa hamu ya kujifunza, nikasahau. Wallahi nilisahau kuigiza. Sauti iliyonitoka haikuwa nzuri. Ilikuwa kama ya mtu aliyetua ndoo nzito, halafu kimya kirefu, halafu kicheko kidogo cha kijinga ambacho hata mimi sikukijua.

Nilipofumbua macho yeye alikuwa hatingishiki, kichwa amekiinamisha upande.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Nini nini?"

"Hiyo sauti. Sijawahi kuisikia."

Nikasema ni kile kidude, ni kigeni tu. Akaketi. Akachukua suruali, akaanza kuvaa mkanda na mkanda ukakataa kuingia.

"Na ile nyingine?" akasema bila kunitazama. "Ile ya siku zote. Ile ilikuwa nini?"

Mimi mwenye mdomo, nikakosa hata herufi. Na kunyamaza kwangu kukamjibu.

"Injini ikilia vilevile miaka kumi na tisa, haipandi, haishuki," akasema, "fundi hapaswi kujisifu. Anapaswa kufungua boneti. Watu wananiita Sikio. Sikio gani hili?" Akatoka, na hakurudi.

Basi Ijumaa nikaenda gereji. Nilichagua saa ya chakula cha mchana, mafundi wenzake wametoka, ili nisimwaibishe. Alikuwa amelala chini ya lori, nikaona buti tu. Nikajua amenitambua kwa mwendo, kwa sababu spana ilinyamaza. Lakini hakutoka. Nikasimama pale kati ya matairi na madumu ya mafuta machafu, nikazungumza na buti.

"Mume wangu, nimekuja kukwambia ukweli wote. Ukitaka kubaki huko chini, baki. Pengine ni rahisi kwangu nisipokuona uso."

Buti hazikusogea.

Nikamweleza. Nikamweleza wiki ya kwanza, na swali lake, na jinsi nilivyoogopa kumvunja moyo. Nikamweleza kwamba uongo wa kwanza ulikuwa wa huruma na wote uliofuata ulikuwa wa kuulinda ule wa kwanza. Nikamweleza saluni, kopo la vifungo, uvungu na ufagio. Kuna wakati niliangalia mlango nikataka kukimbia.

"Nina swali moja," akasema kutoka chini.

"Uliza."

"Hakuna hata siku moja? Miaka yote hiyo. Hata ile safari yetu, hata tulipopata mtoto. Hata moja?"

Nilijua anachoniomba. Aliniomba siku moja tu ya kushikilia. Ningeweza kumpa, ningechagua tarehe, angetoka chini ya lori, tungerudi nyumbani. Na uongo ungekuwa umeanza upya siku hiyohiyo.

"Hakuna," nikasema.

Spana ikaanguka sakafuni. Sikujua kama ameitupa au imemtoka. Nikaendelea kwa sababu nikinyamaza ningeanguka.

"Lakini hakuna siku niliyolala na wewe huku natamani mwingine. Hakuna siku uliyonigusa nikachukia. Nilikuwa napenda uzito wako, na harufu ya sabuni yako, na unavyolala umenishika kisigino. Hayo yalikuwa kweli. Lile moja tu ndilo lilikuwa uongo, na ni mimi niliyeligeuza likawa kubwa kuliko yote."

Akajisukuma akatoka. Uso ulikuwa na mafuta mashavuni, na kwenye mafuta kulikuwa na michirizi. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mimi si mume wako?"

"Ndiyo hasa. Wewe ni mume wangu. Mgeni ningemwambia."

Akajifuta uso kwa tambara, akauchafua zaidi. Akasema kwamba usiku ndani ya lile gari bovu hakuwa ananihesabia makosa yangu, alikuwa anahesabu ya kwake, mara ngapi aligeuka akalala akijiona mwanamume kamili. Akasema aibu yake ilikuwa inamkaba shingo, ndiyo maana hakuweza kurudi, angeniangaliaje. Kisha sauti za mafundi wenzake zikasikika nje, akaniambia niende nyumbani. Sikujua hilo ni ndiyo au hapana. Njia nzima nilitembea nikitazama chini, nikiona kila mtu anajua.

Jumamosi nikakaa kwenye cherehani tangu asubuhi na sikushona kitu. Niliingiza uzi kwenye sindano, nikautoa, nikauingiza. Saa nane mchana mlango ukafunguliwa, akaingia na mfuko ule wa nguo, zikiwa bado zimekunjwa nilivyozikunja. Nyuma yake alikuwa wifi, ambaye hakuingia. Alisimama kizingitini akasema yeye hajui kilichotokea, hataki kujua, na kitanda chake cha uani atampa mpangaji. Kisha akaondoka na mwavuli wake.

Mume wangu akaoga. Akapiga mluzi? Hapana, hakupiga. Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na taulo, akaniita. Pazia lilikuwa limeshushwa lakini jua lilipenya, na kila kitu kilionekana, tumbo langu, makovu yake ya moto wa injini, vyote. Nikamuuliza kama nilete kile kidude. Akasema kiletwe, kikae hapo, lakini kwanza aanze yeye.

Tulikuwa na aibu kuliko ile wiki ya kwanza. Wakati ule hatukujua kitu, sasa tulijua. Aliniomba samahani vilevile. Akanigusa, akasubiri, na mimi nikausikia ule mlio wa zamani unapanda kooni wenyewe, umeshazoea njia, tayari kutoka ili amalize na aridhike na tulale salama. Nikaumeza. Ilikuwa kama kumeza mfupa.

"Hapa?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Nilifumba macho nikingoja asimame, avae mkanda, aondoke. Machozi yalinishuka mpaka masikioni. Kumwambia mwanamume huyu hapana, kitandani mwake, baada ya yote niliyomfanyia, niliona ni ukatili.

Mkono wake haukuondoka.

"Nielekeze," akasema.

Nikamshika kidole, nikamwelekeza.